Kamba ya Hatua 280

Mwaka ule Rufiji ilifurika, ikaingia mashambani, ikalala huko wiki tatu. Maji yalipojirudia mtoni hayakuacha hata kigingi kimoja. Minyaa iliyopandwa na mababu kutenga shamba la huyu na la yule ilikuwa imeng'oka, na mawe ya mpaka yamefunikwa na tope jeusi, tope zuri la kuotesha mahindi bila kubembelezwa. Wanyama wa kijiji cha bondeni walipanda juu ya kichuguu wakaitazama nchi yao, nyeusi, tambarare, haijulikani wapi kwa nani.

Jumbe Kiboko akaitisha baraza chini ya mbuyu. Alitaka mambo yaishe mapema kwa sababu jua lilikuwa likimchoma ngozi.

"Jamani, tugawane kwa haki," alisema. "Bwana Fisi ana kamba."

Fisi akaileta. Ilikuwa kamba ya usumba, imesokotwa ikasokoteka. Wakaitandaza njiani, Punda akaipima kwa miguu, kwa maana hatua za Punda ndizo zilizokubaliwa kijijini tangu zamani. Mwalimu Kasuku akahesabu kwa sauti mpaka 280.

"Kila kaya itazungushiwa kamba hii hii," alisema Fisi. "Hakuna atakayepata ndefu kuliko mwenzake, wala fupi. Mwenye neno aseme."

Hakuna aliyekuwa na neno. Hata Bi Paa, mjane mwenye mtoto mmoja, aligonga kwato zake kushangilia. Ni nani angepinga? Kamba moja kwa wote ni jambo linaloonekana kwa macho, na haki inayoonekana kwa macho haiulizwi maswali.

Fisi akaanza na lake. Alipiga kigingi, akahesabu hatua 70, akapiga kingine, akakata kona, 70 tena, mpaka kamba ikarudi ilipoanzia. Kisha akamgeukia Bi Paa kwa upole. "Mama, wewe nakupa kando ya maji, shamba refu. Hatua 120. Ukisimama huku hutaona mwisho." Upana wake ulikuwa hatua 20. Bi Paa akamshukuru. Ngiri alipewa 100 kwa 40. Kanga alipewa 130 kwa 10, akajisifu msimu mzima kwamba hakuna mwenye shamba refu kama lake, na ilikuwa kweli. Jumbe Kiboko akasema, "Mimi mtu mzima, msinisumbue na kona. Nizungushieni kamba kama boma tu." Wakamzungushia duara.

Wakalima wote. Bi Paa aliamka kabla ya jogoo na kurudi giza limeingia, mtoto wake nyuma akibeba jembe kubwa kuliko yeye. Fisi hakushika jembe hata siku moja. Aliwapa nyani kibarua. Mavuno yalipofika, Fisi alipata magunia 12 na kidogo, Ngiri 10, Bi Paa 6, Kanga 3 na ya kuokoteza.

Maneno yakaanza. Mwalimu Kasuku ndiye aliyeyapa heshima ya elimu. "Kamba ni ile ile," alisema barazani, "kwa hiyo shamba ni lile lile. Tope ni moja, mvua ni moja. Aliyevuna nusu amelima nusu." Kuanzia siku hiyo Bi Paa akaitwa mvivu. Watoto waliliimba neno hilo akipita kisimani. Mwanamke aliyelima mpaka kwato zikachanika anaitwa mvivu, na anaitwa hivyo na hesabu! Sijui kama kuna dhuluma inayouma kuliko ile inayokuja na namba mkononi, kwa sababu aliyedhulumiwa huanza kujishuku mwenyewe.

Shule ya Mwalimu Kasuku ilikuwa juu ya mkwaju, na sauti za wanafunzi zilisikika ng'ambo ya mto.

"Eneo la mstatili?"

"Urefu mara upana!"

"Eneo la pembetatu?"

"Nusu ya kitako mara kimo!"

"Ujazo wa pia?"

"Theluthi ya pai, mara nusukipenyo, mara nusukipenyo, mara kimo!"

Binti Paa alikaa safu ya mbele na aliimba kuliko wote. Siku moja alinyoosha kwato. "Mwalimu, shamba letu na la Bwana Fisi nalo ni urefu mara upana?"

Kasuku akageuza shingo. "Hilo halimo katika zoezi."

"Na ile pia, Mwalimu. Kwa nini ni theluthi? Kwa nini isiwe nusu, kama pembetatu?"

"Kwa sababu ndivyo ilivyo kanuni." Akamsimamisha kwa mguu mmoja juani mpaka kengele ya kutoka.

Simchukii Kasuku. Alifundishwa na kasuku, aliyefundishwa na kasuku, na katika ukoo wao wote hakuna aliyewahi kupewa kamba akaambiwa, shuka chini ukapime. Alikuwa akirithisha alichorithi. Lakini mtoto anayeuliza kwa nini theluthi ameshafika mlangoni mwa hisabati, anagonga, na kumsimamisha juani ni kumfungia mlango huo. Wengi wetu tumefungiwa hapo. Tunaweza kuimba kanuni ya ujazo wa pia mpaka leo, na tukipelekwa sokoni tunaibiwa kwa pia.

Jioni ile Binti Paa hakwenda nyumbani. Alipita kwa Mzee Kobe, aliyeishi peke yake kwenye mchanga nyuma ya kisima.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona macho mekundu?"

Akamweleza yote, kuanzia kamba hadi jua. Kobe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeuzia mgongo. "Tazama gamba langu. Unaona nini?"

"Vipande, babu. Vimepangwa."

"Vimeacha nafasi?"

"Hapana."

"Basi hilo ndilo eneo. Ukitaka kujua ukubwa wa kitu, usikizunguke, kifunike. Kamba ya Fisi ilizunguka. Hakuna aliyefunika."

Akamkatia kipande cha uzi chenye urefu wa shibiri 28, akamwambia achukue na mbegu za ubuyu, kikapu kizima. Mtoto akapanga uzi juu ya mchanga, shibiri 7 kila upande, kama shamba la Fisi lililopunguzwa. Kwa ncha ya kwato akachora mistari, ikawa visanduku, kila kisanduku shibiri moja kwa moja. Akaweka mbegu moja katika kila kisanduku. Safu ya kwanza mbegu 7. Ya pili 7. Zikawa safu 7, mbegu 49.

Akauinua uzi ule ule, akaupanga upya: shibiri 12 huku, 2 kule. Akachora visanduku. Akaweka mbegu. Ilipofika 24 hapakuwa tena na nafasi. Akahesabu upya. Akazitoa zote, akazirudisha moja moja, na zikawa 24. Akajaribu la Kanga, 13 kwa 1. Mbegu 13, zimejipanga kama siafu njiani.

"Babu," alisema, na sauti ilikuwa ikitetemeka, "uzi ni ule ule."

"Uzi ni ule ule."

"Lakini mbegu..."

"Sasa hesabu shamba lenyewe. Kila kisanduku chako ni hatua 10 kwa hatua 10."

Hakuhitaji kuimba. Fisi: hatua za mraba 4,900. Mama yake: 2,400. Kanga: 1,300. Ngiri: 4,000. Wote mzingo 280. Kumbe mama yake alilima nusu ya shamba akavuna nusu ya mavuno, na kwa kila hatua ya mraba alivuna sawa na Fisi mwenye nyani wake.

Wakulima wetu wengi wanaijua hatua 70 kwa 70, na wanaiita ekari. Hawakosei sana: ekari ni yadi za mraba 4,840, na 70 mara 70 ni 4,900, basi hatua ndefu ya mtu mzima inatosha kwa kilimo. Hatari huanza muuzaji anaposema "hatua 280 kuzunguka", au "lina urefu wa hatua 120", halafu akanyamaza. Urefu mmoja si ukubwa wa shamba, wala mzunguko si ukubwa wa shamba. Ukisikia namba moja tu, dai ya pili.

Mtoto aliinuka akimbie kwa mama yake. Kobe akamzuia. "Bado shamba moja."

"La nani?"

"Lisilo na kona."

Akamleta karibu na ungo wake wa kupepetea. "Zungusha uzi kwenye ukingo. Kata panapokutana. Sasa upitishe katikati ya ungo, kutoka ukingo hadi ukingo, uone uzi huo unavuka mara ngapi." Uzi ulivuka mara moja, mbili, tatu, na kipande kidogo kikabaki. Kile kipande nacho kilipopangwa katikati ya ungo kiliingia kama mara saba. "Basi," alisema Kobe, "mzingo wa duara ni kipenyo mara tatu na sehemu ya saba. Ishirini na mbili kwa saba. Chukua sufuria, chukua gurudumu, chukua mdomo wa kisima, utapata hivyo hivyo. Ndiyo pai mnayoiimba." Si sawasawa kabisa, imezidi kwa nywele, lakini tangu Arkimedes alipoonyesha kwamba pai haifiki tatu na sehemu ya saba, mafundi wamejenga matangi na visima kwa hesabu hiyo na maji hayajalalamika.

Kisha Kobe akatoa chapati. Akaikata katikati, akakata tena, na tena, na tena, mpaka vikawa vipande 16 vyembamba, kila kimoja na ncha yake. Akavipanga juu ya mkeka: kimoja ncha juu, cha pili ncha chini, cha tatu juu, vikibanana kama meno ya mamba aliyefunga kinywa. Chapati ya duara ikageuka kuwa kitu kirefu kilichonyooka, karibu mstatili, kingo zake tu zikiwa na mawimbi madogo.

"Ningekata vipande mia, mawimbi yangekwisha," alisema. "Upana wake ni nini?"

Mtoto akainama, pua ikagusa ngano. Upana ulikuwa urefu wa kipande kimoja, toka ncha hadi ukingo. "Nusukipenyo."

"Na urefu?"

Ukingo wote wa chapati ulikuwa umegawanyika, nusu juu, nusu chini. "Nusu ya mzingo."

"Na eneo la mstatili?"

"Urefu mara..." Hapo ule wimbo wa Kasuku ukamjia wenyewe kinywani, pai mara nusukipenyo mara nusukipenyo. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliyasikia maneno hayo akajua yanasema nini. Akalia. Wakaila chapati yote, kwa maana ilikuwa usiku na hapakuwa na kitoweo.

Mambo haya ni ya Afrika tangu kale. Mto Nile nao ulikuwa ukifurika na kufuta mipaka, na Herodotus aliandika kwamba mfalme wa Misri alituma wapimaji wakaone mto umekula kiasi gani cha shamba la mtu, ili kodi yake ipunguzwe. Tazama, walipima ili kodi ipungue. Mwandishi mmoja wa Misri, Ahmes, yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, alinakili katika mafunjo hesabu za mashamba na maghala, na mafunjo hayo yamo London hadi leo katika jumba la makumbusho la Uingereza. Moja ya hesabu zake ni ya kihenge cha duara, kipenyo dhiraa 9, kimo dhiraa 10. Ahmes anasema: toa sehemu ya tisa ya kipenyo, inabaki 8; nane mara nane ni 64; zidisha kwa 10. Jibu lake ni 640. Ukitumia 22 kwa 7 utapata 636 na ushei. Umepita muda wa zaidi ya miaka 3,500, na tofauti haifiki hata moja kwa mia.

Kihenge ndicho kilichofuata kijijini. Mchango wa kila mwaka kwa Jumbe ulikuwa kujaza kihenge kimoja, kipana mita 1.4, kirefu mita 2. Msimu ule, kwa shauri la Fisi, Jumbe alijenga kipya. "Kimo hakijaongezwa hata kidole," Fisi alitangaza. "Upana tu umekuwa mara mbili. Basi mchango ni mara mbili, kwa sababu ya mafuriko." Baraza likanung'unika, likakubali. Wakaanza kujaza. Wakajaza siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Siafu wakabeba punje mpaka wakachoka, na siafu hawachoki. Ungetumbukiza mkono usingefika kwenye mahindi. Wakasema kihenge kina jini.

Hapakuwa na jini. Kitako cha duara kikipanuliwa mara mbili, eneo lake linakuwa mara nne, kwa maana nusukipenyo imezidishwa kwa nafsi yake. Kihenge cha zamani kilichukua lita 3,080, ambazo ni madebe 154. Kipya kilichukua lita 12,320, madebe 616. Binti Paa alizipata namba hizo akiwa amekaa juu ya gogo nje ya boma, akichora mavumbini, na alipomaliza alizifuta kwa mguu. Mama yake alimwona. Hakumuuliza kitu, lakini usiku alimpa sehemu yake ya uji.

Siku ya mnada ikafika. Fisi ndiye mnunuzi pekee, na alinunua kwa gunia, bei moja kwa kila gunia. Wanakijiji walileta magunia 30 yote pamoja. Fisi hakuyakubali yalivyo. "Hili halijashiba," alisema kila mara, akamimina juu ya mdomo wa gunia, akajengea wavu wa kamba pembeni, akamimina tena mpaka mahindi yakasimama na ncha kama paa la msonge. Halafu akashona. Gunia likawa na kichwa.

Msomaji anajua jina lake. Ni lumbesa. Nchini Tanzania sheria ya vipimo inaikataza, na Wakala wa Vipimo umepiga kelele miaka nenda rudi, lakini nenda wanakopakia viazi, vitunguu au kabichi ukaone vichwa vilivyopangwa juu ya lori. Mkulima anafungasha mazao yake kwa mikono yake mwenyewe, anashona mwenyewe, na kile kilichomo kwenye kichwa hakilipwi.

"Bwana Fisi," Binti Paa alisema, "hicho cha juu unakilipa?"

"Hicho? Hiyo kofia tu, mwanangu. Mzigo upendeze. Una nini humo ndani, si inaishia kwenye ncha?"

Wanyama wakacheka, si kwa ubaya. Ni kweli iliishia kwenye ncha. Jicho likiona ncha huona kidogo.

Mtoto akaenda kwenye mgomba, akarudi na jani. Akalikunja likawa pia, kama karatasi ya karanga, akalibana kwa mwiba. Akachukua mkebe wa bati, wenye mdomo ulio sawa na mdomo wa pia ile na kimo kilicho sawa na kimo chake. Aliupunguza mdomo wa jani kwa meno mpaka vikalingana, na hakuharakisha. Akajaza pia mchanga mkavu, akausawazisha kwa unyasi, akaumimina mkebeni. Mchanga ulikaa chini, mbali na ukingo. Akajaza mara ya pili, akamimina. Kanga alishasogea mbele. Mara ya tatu alimimina taratibu, na mchanga ulipanda, ukapanda, ukafika kwenye ukingo wa bati ukasimama hapo, bila kumwagika na bila kupungua.

Hakuna aliyesema kitu. Mwalimu Kasuku, aliyekuwa juu ya mkokoteni, alishuka akaja mpaka karibu na mkebe ule, akainamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Mara tatu," alisema polepole. "Theluthi." Nadhani alikuwa amelitamka neno hilo mara elfu kumi kabla ya siku hiyo.

"Sasa kofia," alisema Binti Paa. Alizungusha uzi kwenye tumbo la gunia: sentimita 132, basi kipenyo ni 42 na nusukipenyo 21. Eneo la mdomo, sentimita za mraba 1,386. Gunia lenyewe, toka chini hadi mdomoni, sentimita 100: ujazo wake sentimita za ujazo 138,600, yaani lita 138.6. Kofia ilikuwa na kimo cha sentimita 50. Ingekuwa gunia lililonyooka ingechukua lita 69.3. Ni pia, basi theluthi: lita 23.1.

"Debe ni lita 20," alisema. "Katika kila kofia kuna debe zima na vibaba juu yake."

"Debe moja!" Fisi alisema. "Tunagombana kwa debe moja?"

"Kofia sita ni lita 138.6."

Aliyeelewa wa kwanza alikuwa Ngiri. Alitazama gunia, akatazama tena namba mavumbini, zilikuwa mbili na zilifanana. "Kila magunia sita," alisema, "anachukua la saba bure."

"Tumeleta 30," alisema Bi Paa. Ndiyo sauti yake ya kwanza mnadani tangu aitwe mvivu. "Basi matano amekwenda nayo."

Kelele iliyofuata ilisikika mpaka baharini. Kofia zilikatwa zote, na kila gunia likasawazishwa kwa fimbo iliyonyooka kwenye mdomo wake. Kisha baraza likadai mashamba yapimwe upya, na safari hii kwa hatua za mraba. Binti Paa aliwaonyesha mbegu za ubuyu, wakaziona wote, 49 na 24 na 13, na Kanga aliziangalia zile 13 muda mrefu sana.

"Basi wote tupewe duara," alisema Ngiri, aliyekwisha kusikia habari za chapati. "Nasikia kamba ikizungushwa duara ndipo inapochukua nchi kubwa kuliko zote."

Nyuki akashuka kutoka mbuyuni. "Ni kweli," alisema, "lakini panga maduara kumi jirani uone. Katikati yake panabaki vipembe visivyo vya mtu. Sisi tungejenga hivyo tungemaliza nta kabla ya kuweka asali. Maumbo yenye pande sawa na pembe sawa yanayobanana bila kuacha nafasi ni matatu tu: pembetatu, mraba, na pembesita. Na katika hayo matatu, pembesita ndiyo inayoweka asali nyingi kwa nta kidogo." Binadamu walilishuku jambo hilo tangu zama za Warumi, na ilimchukua Thomas Hales wa Marekani mpaka mwaka 1999 kuthibitisha kwamba hakuna umbo lolote lingine, hata lenye pande zisizolingana au zilizopinda, linaloweza kulishinda sega la nyuki. Kijiji hakikuwa na ustadi wa nyuki, kikachagua mraba.

Fisi aliondoka alfajiri na kamba yake begani. Nasikia yuko kijiji cha juu, na wanamsifu kwa haki. Bi Paa ana hatua za mraba 4,000 sasa, kama wenzake, na hakuna anayeimba akienda kisimani. Mwalimu Kasuku hafundishi tena juu ya mkwaju. Ukipita asubuhi utamwona chini, ncha ya uzi mdomoni, anaruka kutoka kigingi hadi kigingi, na watoto nyuma yake wamebeba mikebe, majani ya mgomba na mbegu. Haimbishi kanuni ila iliyokwisha kushikwa kwa mkono.

Shamba moja tu halikupimwa. Wapimaji walipofika, Jumbe Kiboko aliwaambia kwamba la kwake ni boma tu, halina urefu wala upana, watapima nini? Wakarudi.

Mzingo wa boma lile ni hatua 280. Kalamu unayo, msomaji, na chapati umeiona ikikatwa. Zidisha 280 kwa 7, gawanya kwa 22, hicho ndicho kipenyo. Chukua nusu yake. Zidisha kwa nusu ya mzingo. Ukipata hatua za mraba 6,236 na kidogo juu, hujakosea.

Kanga alikuwa na 1,300.